Masika ya Afisi ya Yusra

Jumamosi, 5 Aprili

Bismillahi. Mimi Mwanakheir, mke wa Ahmada seremala, muuza kanga wa mtaa wa Mlandege mjini, nnaanza kuandika leo kwa sababu mambo makubwa yanaingia nyumbani kwangu na sitaki baadae aje mtu kunipinga. Mwanangu Yusra amefungua afisi. Afisi ya kweli, ghorofa moja juu ya duka langu, ina meza, feni na kibao mlangoni: YUSRA AHMADA, MSHAURI WA AJIRA NA WATUMISHI. Kibao kakichonga baba yake kwa mbao ya mfenesi, herufi zimesimama kama askari.

Kazi yenyewe ndiyo hii. Wewe una hoteli, unataka wafanyakazi, hujui umchukue nani na umwache nani. Unamwita Yusra. Yeye anakuchagulia, anakufundishia, na wakigombana anakuja kuwapatanisha. Kaisomea chuo kikuu, kavaa na joho, picha iko ukutani kwangu dukani, anayeingia kununua leso haondoki bila kuiona. Kafanya na fildi, mazoezi ya kazi, kwenye afisi moja mjini, alikuwa akipanga mafaili.

Ahmada anasema kupanga mafaili si uzoefu wa kuajiri watu. Nikamwambia, weye ulipoanza useremala uliniletea kitanda chenye mguu mmoja mfupi, na nikalala.

Leo nimefunga Sita, zile saumu sita za baada ya Idd. Naacha hapa, niende jikoni.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Hakuna mteja kwangu, hakuna kwa Yusra. Kashuka mara kadhaa kutazama kama kibao kinaonekana kutoka barabarani. Kinaonekana.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Bi Duni, mwenye duka la sufuria jirani yangu, kaniuliza, "Shoga, ile afisi ya juu bado ipo?"

Nikamwambia ipo, inasubiri watu wa maana.

Jumatano, 23 Aprili

Alhamdulillahi, mara elfu. Leo kaingia dukani bwana mmoja mrefu, kanzu imeroa mpaka magotini, anataka kanga za kupambia vyumba. Jina lake Abdulhakim. Ana hoteli Bwejuu, si kubwa, lakini iko ufukweni. Masika kaifunga kama wenzake wote, na anaifungua tena tarehe mosi Juni. Wafanyakazi wake wa zamani wamekwenda hoteli nyengine, sasa anataka wapya, wote, kuanzia mpishi mpaka mfagiaji. Nikamuuliza, nani anakutafutia? Akasema hajui aanzie wapi.

Nikamwambia, "Bwana, wewe umeletwa na Mungu. Juu ya kichwa chako, hapo, pana mtaalamu."

Akatazama dari. Akaniuliza mtaalamu huyo ana uzoefu gani. Nikamwambia kashaajirisha hoteli kumi.

Sikuuona kuwa uongo. Hizo kumi atazifikia tu, mimi nimezitaja mapema. Bwana akapanda ngazi. Alipokuja kushuka, Yusra alikuwa nyuma yake, macho yamemtoka kwa furaha, wamekubaliana. Nikampa Abdulhakim kanga za vyumba kwa bei ya jamaa.

Jumapili, 27 Aprili

Tangu habari zitoke, salamu zimezidi. Watu waliokuwa wakinipita kama nguzo sasa wananiuliza miguu inaniumaje. Bi Duni kaniletea sinia la vileja, biskuti zetu za unga wa mchele, iliki imekolea. Kakaa, kasifu picha ya joho, ndiyo akasema, "Shoga, Suhaib wangu asiachwe."

Suhaib ni mwanawe wa kiume, anamsaidia dukani. Kasoma kozi ya upishi wa hoteli, ana cheti, na picha amevaa kofia ndefu nyeupe. Nikasema mlete.

Jumamosi, 3 Mei

Siku ya usaili. Tumekwenda Bwejuu kwa kigari cha Ahmada cha kubebea mbao, mvua inapiga turubali. Yusra hakutaka niende. "Mama, mshauri hatembei na mama yake." Nikamwambia mimi leo si mama, mimi msaidizi, na msaidizi ndiye mwenye kapu la chakula. Akasogea, nikapanda.

Tuliwakuta watu wameshajaa barazani kwa hoteli, wa mjini huku, wa Bwejuu kule. Yusra kakaa nyuma ya meza, mtandio umekaa sawa, kalamu mkononi. Wallahi niliona kama nnamtazama waziri. Kila aingiaye anaulizwa yale yale: ubora wako ni nini, kwa nini tukuchukue wewe, jipe alama mwenyewe.

Basi wale wa Bwejuu walituchosha. Kaingia mwanamke mmoja, Tabia, mnene wa wastani, kajifunga kanga juu ya buibui, anaomba upishi.

"Tabia, niambie ubora wako."

"Ubora gani tena, dada." Anatazama sakafu. "Napika kidogo kidogo tu."

"Ujipe alama. Kati ya mia."

"Aah, hayo watasema walaji."

"Kwa nini tukuchukue wewe, tumwache mwengine?"

"Wenzangu nao wanajua. Nyie mtazame tu itakavyofaa."

Yusra akaandika, akaguna. Na mimi pale kwenye kapu langu nikajisemea, mtu hawezi kujisemea nafsi yake, ataweza kusema na mgeni? Wakaja wengine wa kijiji, hivo hivo, najitahidi tu, naungaunga tu, sijui dada. Salhiya, aliyeomba kutandika vyumba, hakusema lolote ila kwamba vitanda vya kwao watu wanavilalia.

Kisha kaingia Suhaib wa Bi Duni. "Shikamoo mama," kwangu kwanza, mtoto wa adabu. Akakaa wima. "Mimi ni mchapakazi, mbunifu, nafanya kazi kwa ushirikiano na naweza kuhimili shinikizo." Alama zake? "Tisini na tano, tano naacha za kujifunza." Nilikaribia kupiga kigelegele.

Yusra kamchukua Suhaib mpishi mkuu. Wa mjini wengi wamepita, wa Bwejuu wawili watatu, wa kufagia.

Jumatano, 7 Mei

Mvua kubwa, maji yameingia hadi kizingitini. Yusra anawafundisha watu wake afisini, wanapanda na kushuka ngazi na viatu vya kung'aa. Bi Duni siku hizi haniiti shoga, ananiita wifi, kama tumeshakuwa ndugu.

Jumamosi, 10 Mei

Sijui nianzie wapi.

Abdulhakim alikuwa ameandaa chakula cha mchana cha majaribio kabla ya ufunguzi. Kaalika wenye hoteli wenzake na watu wanaoleta wageni kisiwani, wale ambao wakikusema vibaya umekwisha. Mimi nilikwenda na gauni jipya.

Kwanza wahudumu. Yule kijana aliyesema yeye ni hodari wa mawasiliano alijificha nyuma ya mlango wa jiko, akawa anachungulia. Mwengine alivuta kiti akakaa na wageni akawahadithia habari za mpira. Wageni wakaomba maji, wakaomba tena. Halafu pilau likaja. Chini limeungua, juu mchele unakatika kwenye meno kama changarawe, katikati, sijui, sikufika. Samaki kakauka ungedhani kavuliwa mwaka jana. Mgeni mmoja alitema kwenye karatasi, taratibu, kistaarabu, na ule ustaarabu ndio ulioniuma.

Nikaingia jikoni. Suhaib yuko pale kofia imemlalia sikioni, mkononi kashika upawa, analia machozi ya kweli. "Mama, kozini tulikuwa tunapika sahani nne."

Abdulhakim hakupiga kelele. Aliwaomba radhi wageni wake, akawasindikiza mpaka kwenye magari mvuani, akarudi kanzu imemganda mwilini. Akamwambia Yusra, "Jumanne nitakuja afisini kwako. Unambie kwa nini nisitafute mtu mwengine."

Kisiwa hiki kidogo. Kazi hii ikimponyoka, kabla masika hayajakatika kila mwenye hoteli kuanzia Nungwi mpaka Makunduchi atakuwa anaijua habari ya pilau hili, na kibao kitabaki cha kunyeshewa mvua. Yusra analijua hilo. Njia nzima aliinamisha kichwa kwenye magoti. Baba yake aliendesha tu, hakusema lile alilokuwa na haki ya kulisema, na kwa hilo namshukuru.

Jumapili, 11 Mei

Hakutoka chumbani. Nimempelekea uji, umerudi.

Jumatatu, 12 Mei

Leo nimemlazimisha aje dukani, akae tu, aone watu. Kakaa kwenye marobota nyuma, uso umevimba.

Wakaingia wanawake wawili wa makamo kutoka Kidichi. Wakaulizia kanga, wakaulizia afya, wakaulizia mvua. Nikajua hawa hawakuja kwa kanga. Mkubwa wao akasogeza kiti. "Bibi, tumekuja kuulizia. Kuna kijana wa jirani yako hapo, Suhaib, kaleta posa kwetu. Sisi hatumjui. Wewe ndiye unayemwona kila siku."

Mambo ya ndoa hayana mzaha, ukidanganya utaulizwa kwa Mungu. Wakauliza, nikajibu. Akighadhibika anakuwaje? Nikawaambia siku moja mwanamke alirudisha sufuria iliyotoboka, anamtukana yeye na mama yake na ukoo, Suhaib akampa kiti, akampa maji, akamsikiliza mpaka akachoka, na yule mwanamke akaondoka na sufuria mbili. Mama yake anamsikiliza? Kupita kiasi. Anasali? Anasali. Analala sana? Kidogo.

"Na jikoni je? Tumesikia mpishi."

"Bibi, nisikudanganye. Jiko hajui. Mtaa mzima tunajua, mama yake hamwachii hata chai, anaiunguza."

Wakacheka, wakashukuru, wakanunua na kanga. Walipotoka tu nikamsikia Yusra nyuma yangu kasimama.

"Mama. Ulikuwa unajua Suhaib hajui kupika?"

"Nnajua tangu yuko mdogo."

"Na siku ya usaili ulikuwepo. Mbona hukunambia?"

"Hukuniuliza. Ulimuuliza yeye."

 Nikadhani atanikasirikia. Badala yake akaanza kutembea, huku na huku katikati ya marobota, anazungumza peke yake. "Wamekuja kutoka Kidichi, mvua yote hii, na Suhaib mwenyewe hawajamuuliza hata neno. Hata neno, mama! Sisi tukitaka kumpa mtu binti hatumwambii ajisifu. Tukitaka kumpa jiko tunamwambia ajisifu. Na mwenye adabu zake hajisifu. Wale wa Bwejuu karibu wote niliwafelisha kwa adabu zao."

Akapanda juu mbio, akateleza ngazini, akacheka. Nimesikia feni inawashwa.

Mimi nilikuwa siku zote nnajua mwanangu ana akili. Ila leo ndiyo mara ya kwanza nimeiona ikifanya kazi mbele yangu.

Jumanne, 13 Mei

Abdulhakim kaja. Nimepandisha kahawa na tende, nikakaa, hakuna aliyeniambia nitoke.

Asubuhi nilikuwa nimeshamuusia Yusra: sema wale watu wamekuangusha, sema mvua, sema chochote. Yeye kaanza hivi: "Nilikosea mimi."

Nikamfinya. Akautoa mkono wangu, akaendelea. Kamweleza yote, maswali aliyouliza, kwa nini hayakufaa, nini anataka kufanya sasa: kurudi Bwejuu, kwenda nyumba kwa nyumba, kuwauliza majirani kama watu wanavyouliza posa.

Abdulhakim akasikiliza, kikombe hakukigusa. Kisha akasema, "Mimi nilidhani mtu aliyeajirisha hoteli kumi ameshayapita haya."

"Hoteli gani kumi?" Yusra akauliza.

Bwana akanigeukia mimi. Na Yusra akanigeukia. Nilikuwa nimeshika birika, nikakosa pa kuliweka.

Yusra akamrudishia bwana uso. "Hakuna kumi, bwana. Hakuna hata moja. Yako ndiyo ya kwanza. Ukitaka kuniacha kwa hilo ni haki yako. Ukiniachia siku zilizobaki, nitakuletea watu, na nitakaa nao mpaka mlango ufunguliwe."

 Abdulhakim akavuta kikombe chake. "Wengi wanaokuja kwangu huniambia wanajua kila kitu, wewe umekiri," akasema. "Basi tujaribu tena, Jumamosi ya tarehe ishirini na nne. Wageni wale wale niliowalisha changarawe. Wale wale, bibi."

Alipokwisha kushuka, nikamwambia Yusra, umeona, umefanya vizuri. Akafunga kompyuta yake. "Mama, ulimwambia hoteli kumi."

Nikasema nilitaka kukusaidia. Akasema, "Kwa hivo hakunichukua mimi. Alimchukua mtu mwengine uliyemtunga wewe."

Nikalichukua birika na vikombe, nikashuka dukani. 

Jumatano, 14 Mei

Hasemi nami ila kwa salamu.

Alhamisi, 15 Mei

Vile vile. Nimepika mchuzi wa pweza, kala, kashukuru, kaondoka.

Jumamosi, 17 Mei

Jana kaja chumbani kwangu kabla ya Magharibi. "Mama, kesho nnakwenda Bwejuu. Peke yangu hawatonifungulia mlango, msichana wa mjini anayeuliza habari za watu. Twende. Lakini kwa sharti. Usinisifu. Hata neno moja."

Nikakubali. Ningekubali hata kwenda kimya kimya mpaka Pemba.

Tumeanza kwa sheha wa kijiji, tukajieleza, akatupa baraka. Kisha milango. Mwanamke wa kwanza alikuwa anasuka kamba za makumbi ukumbini. Yusra akaamkia, tukakaa mkekani, tukauliza hali, ndiyo akamtaja Tabia.

"Tabia? Mnamuulizia kwa heri au kwa shari?"

"Kwa heri, bibi. Kwa kazi."

"Ah. Hapa harusi ikikosa mkono wa Tabia, watu wanauliza bwana harusi kafanya ubaya gani."

Nyumba ya pili, hivo hivo, ya tatu wakaongeza kwamba kwenye msiba wa mzee fulani alilisha kijiji kizima siku zote za matanga na hakuna aliyerudi na njaa. Tukamuulizia kijana mmoja aliyejipa alama tele siku ya usaili, aliyeomba ulinzi. Bibi akasema, "Huyo? Muulizeni mbuzi wangu aliyepotea akiwa analindwa." Salhiya wa kutandika, jirani yake akatuvuta tukachungulie nyumba yake dirishani. Shuka limenyooka, ungeona haya hata kuligusa.

Na Yusra ana swali lake mwenyewe, halikutoka chuoni wala kwangu. Mwisho wa kila mazungumzo anauliza, "Ukisafiri, ufunguo wa nyumba unamwachia nani?" Hapo mtu hawezi kupamba. Anafikiri, anataja jina. Na majina yalikuwa yanajirudia.

Mara mbili nimeulizwa huyu binti yangu ni nani na kasoma wapi. Nimesema, "Kasoma." Basi. Ahmada, aliyetuendesha, aliponisikia aliangusha funguo za gari.

Jioni tumemkuta Tabia mwenyewe. Yusra akamuuliza mbona siku ile hakumwambia haya yote.

"Nijisifu mwenyewe, dada? Na mama yako kakaa pale ananitazama? Mngesema sina mama aliyenilea."

Nimewaza njiani. Hata mimi, ukitazama vizuri, sijajisifu maisha yangu yote. Mimi namsifu mwanangu, hilo si kosa. Lakini sifa niliyompa kwa Abdulhakim ilikuwa haina mtu ndani yake. Nimemwambia Yusra hivo, ndani ya gari. Akalaza kichwa begani kwangu, mvua inapiga turubali, akalala mpaka Jozani.

Jumapili, 18 Mei

Bi Duni amekuja kama tufani. "Umemvua mwanangu kofia!" Yusra kampeleka Suhaib mapokezi. Kabla sijajibu Suhaib mwenyewe akatokea nyuma yake. "Mama, niache. Ile kofia ilikuwa inanitoa jasho. Hapo mlangoni nitawapokea watu, hiyo kazi naiweza." Bi Duni akakaa, akaomba maji. Nikamwambia watu wa Kidichi wamekuja kumuulizia mwanawe, na wameondoka wanacheka. Akayamaliza maji akiwa anatabasamu.

Jumamosi, 24 Mei

Wageni wale wale. Wa kwanza kushuka alikuwa yule aliyetema kwenye karatasi, uso umekaza, anasema mlangoni kwamba yeye keshakula kwake. Suhaib akampokea mwavuli, akamwambia ana haki, na lau yeye ndiye aliyelishwa lile pilau asingerudi. Akacheka yule bwana! Akakaa.

Tabia hakutoka jikoni hata mara moja. Nilikwenda kuchungulia, anatikisa sufuria kubwa kama anabembeleza mtoto, wasichana wake wanamwelewa kwa macho tu. Vikatoka pilau, kachumbari, pweza wa nazi. Mezani pakawa kimya, na kimya cha watu wanaokula nakijua. Abdulhakim alirudia sahani. Yule wa karatasi alirudia mara mbili, kisha akauliza mpishi katoka hoteli gani.

Nilikuwa nimejiuma ulimi mpaka nikaonja damu, lakini sikusema kitu.

Jumapili, 1 Juni

Hoteli imefunguliwa. Mvua imekatika asubuhi hii hii, na wageni wa kwanza wamefika wakati jua linatoka, kama tulipanga.

Jumanne, 10 Juni

Idd Kubwa imepita salama. Abdulhakim anataka Yusra amsimamie wafanyakazi mwaka mzima. Nikalia. Kisha Yusra akamjibu, na nikalia vyengine. Kamwambia anakubali, lakini mwezi huu wote anataka kufanya kazi kila sehemu, mwenyewe, kwa mikono. Kuosha sahani chini ya Tabia. Kutandika chini ya Salhiya. Kubeba mizigo na Suhaib.

Nikamwambia, "Na joho lile ukutani nilitundikie nini?"

"Mama, nnaajiri watu wa kutandika vitanda, na mie kitanda cha mgeni sijapata kukitandika."

Sikukubali. Tumelala nimenuna.

Alhamisi, 19 Juni

Nimekwenda Bwejuu, nimesema nnapeleka kanga za vyumba. Nikamkuta Yusra na sare, mikono ya shati imekunjwa, anatandika. Salhiya kasimama mlangoni, kazunguka kitanda, kavuta pembe ya shuka. "Tandua," akasema.

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumuuliza yule mwanamke, unamjua unayemwambia? Yusra akalitandua shuka lote, akaanza upya, ulimi uko pembeni ya mdomo kama alivyokuwa akiandika herufi za kwanza skuli. Alipomaliza Salhiya akavuta pembe ile ile. Haikutoka. Akaendea chumba cha pili, na Yusra akaruka juu kama kapewa cheti.

Ndipo aliponiona. "Mama! Umeona?"

Nikasema nimeona.

Jumamosi, 21 Juni

Jua kali, duka limejaa. Mke wa mwenye duka la vipuri, ambaye hatujaonana tangu kabla ya mvua, katazama picha ukutani akauliza, "Na yule binti yako mwenye afisi, siku hizi yuko wapi?"

"Yuko Bwejuu," nikamwambia. "Anatandika vitanda."

Akanitazama, anasubiri niongeze. Bi Duni naye akaacha kupanga sufuria zake mlangoni, anasubiri.

Nikamkunjia doti yake ya kanga, nikampa.